Intaneti Kupitia Nyaya za Umeme: Namna ya Kuitumia Bila Kuvuruga Redio za Wengine

Kwa miaka mingi waya wa umeme na redio vimekaa katika nyumba moja bila ugomvi. Waya ulileta mwanga, redio ikaleta habari, na kila kimoja kilishika njia yake. Katika miaka ya karibuni, hata hivyo, waya wa umeme umeongezewa kazi nyingine. Zipo adapta ndogo zinazochomekwa kwenye soketi, mbili kwa pamoja, ambazo huchukua intaneti kutoka chumba kimoja na kuifikisha chumba kingine kwa kutumia nyaya zile zile zilizomo ukutani. Mwenye nyumba hahitaji kutoboa ukuta wala kuvuta kebo mpya. Katika baadhi ya nchi mashirika ya umeme yamewahi kwenda mbali zaidi, yakipeleka intaneti ya kasi mtaa mzima kwa kutumia nyaya za kwenye nguzo.

Faida hiyo ina upande wa pili. Mkazi anayesikiliza matangazo ya mbali kwenye mawimbi mafupi anaweza kufungua redio yake jioni akakuta stesheni aliyoizoea imefunikwa na mchakarisho usiokoma. Kwa msikilizaji wa muziki, hilo ni usumbufu. Kwa kituo kinachotegemea simu ya upepo kuita msaada mahali ambapo mtandao wa simu haufiki, ni jambo la usalama. Makala haya yanaeleza chanzo cha mwingiliano huo, yaliyojifunzwa na miji iliyotangulia, namna mkazi anavyoweza kuutambua mwenyewe, na hatua za kuuondoa.

Jinsi intaneti inavyosafiri kwenye waya wa umeme

Umeme unaofika majumbani hapa nchini ni wa volti 230, na mkondo wake hubadili mwelekeo kwa mzunguko wa mara 50 kwa sekunde. Adapta ya intaneti hupandisha juu ya mkondo huo ishara nyingine dhaifu, yenye mitetemo ya mamilioni kwa sekunde. Kwa kawaida ishara hiyo hutumia masafa ya kati ya megahezi 2 na 30, na baadhi ya vifaa hupanda juu zaidi ya hapo. Adapta ya upande wa pili huchuja umeme, ikabakiza ishara na kuigeuza kuwa intaneti.

Ishara hiyo haitumwi kwenye sehemu moja tu ya masafa. Hugawanywa katika vijito vidogo mamia kwa mamia, vilivyotandazwa kwenye eneo pana, ili kijito kimoja kikizibwa vingine viendelee kupita. Mpango huo ndio unaoiwezesha intaneti kupenya kwenye nyaya zilizojaa vikwazo. Ndio pia unaofanya kelele yake iguse stesheni nyingi kwa wakati mmoja, badala ya moja tu.

Wapo wakazi watakaojiuliza kuhusu LUKU. Katika baadhi ya nyumba mita hufungwa nje au juu ya nguzo, na kifaa cha kuingizia namba kinachochomekwa ndani huwasiliana nayo kupitia nyaya za umeme. Mawasiliano ya aina hiyo hubeba taarifa chache sana na hutumia masafa ya chini, pungufu ya kilohezi 500, mbali na yale ya mawimbi mafupi. Kwa hiyo kifaa cha LUKU kisichanganywe na adapta ya intaneti, na kwa hali yoyote mkazi asikifungue.

Kwa nini waya hugeuka antena

Waya hutoa mawimbi ya redio vizuri pale urefu wake unapokaribiana na urefu wa wimbi linalopita ndani yake. Wimbi la umeme wa kawaida lina urefu wa kilometa 6,000, hivyo hakuna waya wa nyumba unaoweza kuwa antena yake. Lakini wimbi la megahezi 10 lina urefu wa mita 30 tu, na robo yake, ambayo ni mita saba na nusu, inatosha kutengeneza antena nzuri. Waya wa kutoka kwenye swichi hadi kwenye taa ya baraza unaweza kufikia urefu huo kwa urahisi.

Sababu ya pili ni mpangilio wa nyaya. Katika waya wa simu nyaya mbili husokotwa pamoja, na mkondo unaokwenda hufuta athari za mkondo unaorudi. Nyaya za umeme hazikupangwa hivyo. Hutengana kwenye swichi, hugawanyika kwenye soketi na huachana kwa nafasi kubwa juu ya nguzo. Pale zinapoachana, kufutana hupungua na sehemu ya ishara huvuja hewani.

Mkulima anayemwagilia ataielewa hali hii haraka. Maji yakipita kwenye mfereji wa udongo usiosakafiwa, sehemu yake hufika shambani na sehemu nyingine hujipenyeza kwa jirani. Mwenye shamba huona mazao yake yakistawi, wala haoni kwamba upande wa pili wa mpaka maharage ya mwenzake yanaoza kwa unyevu. Mtumiaji wa adapta naye hasikii chochote, kwa sababu intaneti yake inakwenda vizuri. Anayesikia ni mwenye redio.

Redio zinazoathirika na zisizoathirika

Eneo linaloguswa zaidi ni lile lililoandikwa SW kwenye redio za kawaida, yaani mawimbi mafupi. Humo hupita matangazo ya kimataifa, mawasiliano ya simu za upepo za masafa marefu, mawasiliano ya ndege zinazovuka maeneo makubwa yasiyo na minara, ya meli zilizo mbali na pwani, na ya waendeshaji wa redio za ridhaa. Mawimbi haya husafiri mbali kwa kugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini. Yanapofika huwa yamechoka, na hiyo ndiyo sababu kelele ndogo iliyo hatua chache kutoka kwenye antena huweza kuifunika sauti iliyotoka umbali wa kilometa elfu moja.

Redio za FM hutumia masafa ya kati ya megahezi 87.5 na 108, na simu za mkononi hutumia masafa ya juu zaidi ya hayo. Adapta za kawaida zinazoishia megahezi 30 hazifiki huko. Mkazi ambaye FM yake inakwaruza au simu yake inakatika anapaswa kutafuta chanzo kingine kabla ya kuishuku intaneti ya jirani.

Funzo la Manchester na Manassas

Tatizo hili lilijitokeza mapema Ulaya na Marekani, na namna lilivyoshughulikiwa huko ina manufaa kwa kila mahali ambapo vifaa hivi vinaingia. Mwaka 1997, katika eneo la Manchester nchini Uingereza, kampuni za Norweb na Nortel zilitangaza mpango wa kupeleka intaneti kwa nyaya za umeme. Wataalamu wa redio walieleza wasiwasi wao, na nguzo za taa za barabarani zikatajwa kuwa zinafanya kazi kama antena. Mpango huo ulisitishwa mwaka 1999.

Nchini Marekani mamlaka ya mawasiliano, FCC, ilipitisha kanuni mahsusi mwezi Oktoba 2004. Kanuni hizo hazikuipiga marufuku huduma, ziliiwekea masharti. Mtoa huduma alitakiwa kuwa na uwezo wa kupunguza nguvu ya ishara, kuondoa masafa fulani au kuzima kifaa akiwa mbali, pindi mwingiliano unapothibitika. Baadhi ya masafa ya ndege yalizuiwa kabisa. Taarifa za mahali mitambo ilipo na masafa inayotumia ziliwekwa kwenye orodha iliyo wazi kwa umma, ili mtu anayesikia kelele ajue aanzie wapi kuuliza.

Chama cha waendeshaji wa redio za ridhaa cha nchi hiyo, ARRL, hakikuridhika. Kilikwenda mahakamani, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba mamlaka ilikosea kuficha sehemu za tafiti ilizotumia kutunga kanuni, na ikaitaka ieleze vyema msingi wa kipimo chake kimojawapo. Mwaka 2011 mamlaka ilibakiza sehemu kubwa ya kanuni zake, lakini ikaongeza kiwango cha upunguzaji kinachotakiwa kwenye masafa ya chini ya megahezi 30 kutoka desibeli 20 hadi 25. Kwa lugha nyepesi, desibeli 20 maana yake nguvu ya ishara imepunguzwa mara 100, na desibeli 25 ni kuipunguza zaidi kidogo ya mara 300.

Jiji la Manassas, katika jimbo la Virginia, ndilo lililotajwa sana katika mjadala huo. Jiji lilimiliki shirika lake la umeme, na mwaka 2005 huduma ya intaneti kwa nyaya ikawa imeenea mjini. Malalamiko ya waendeshaji wa redio yaliiandama kwa miaka kadhaa. Mwaka 2010 baraza la jiji liliamua kuifunga, kwa kuwa mapato yake hayakulingana na gharama.

Barani Ulaya kiwango kilichotolewa mwaka 2013 kwa adapta za majumbani kiliongeza hatua ya busara. Adapta inayokidhi kiwango hicho huacha wazi masafa ya redio za ridhaa na ya ndege wakati wote. Zaidi ya hapo, huzisikiliza stesheni za matangazo zinazosikika mahali ilipo, kisha hukata vijito vyake kwenye masafa ya stesheni hizo. Kitendo hicho cha kuacha mapengo katikati ya ishara ndicho kiini cha udhibiti wote: intaneti hupoteza kasi kidogo, na redio hupata nafasi ya kusikika.

Kutambua chanzo cha kelele

Si kila kelele kwenye redio inatoka kwenye intaneti. Kikombe kilichopasuka au kiungo kilicholegea juu ya nguzo hutoa mngurumo mkavu unaokwaruza mfululizo, ambao mara nyingi hubadilika mvua inaponyesha. Chaja za simu za bei nafuu, taa za LED na vifaa vya kugeuza umeme wa sola navyo hutoa mvumo. Adapta ya intaneti hutambulika kwa mchakarisho wa haraka unaofanana na punje zinazomwagwa juu ya bati. Pasipo matumizi husikika kwa vipindi vifupi vifupi, kwa kuwa vifaa huendelea kupeana taarifa. Mtu anapoanza kupakua video, hugeuka kuwa kelele isiyokatika. Aidha, kelele hiyo huenea sehemu kubwa ya SW, na inaweza kunyamaza ghafla kwenye masafa yale ambayo kifaa kimeyaachia mapengo.

Uchunguzi wa awali unahitaji redio ndogo ya betri yenye SW, saa na daftari. Mkazi achague muda ambao stesheni yake husikika vizuri kwa kawaida, kisha afuate hatua hizi.

Kwanza, azime swichi kuu ya nyumba yake huku redio ya betri ikiendelea kulia. Kelele ikikoma, chanzo kiko ndani ya nyumba yake mwenyewe. Awashe tena na kuchomoa kifaa kimoja baada ya kingine mpaka akipate. Matokeo ya aina hii yasimshangaze mtu, kwa maana chaja iliyosahaulika ukutani mara nyingi hutangulia jirani kwa kosa.

Pili, kelele ikiendelea, atembee taratibu na redio nje ya nyumba, akiwa ardhini na mbali na nyaya. Sauti itaongezeka anapokaribia chanzo. Asipande nguzo, asitikise nguzo wala waya wa kuishikilia, na asiguse mita.

Tatu, umeme unapokatika mtaa mzima, afungue redio ya betri. Kelele ikiwa imetoweka, chanzo kinategemea umeme wa gridi. Ikiwa bado ipo, huenda inatoka kwenye mtambo wa sola au jenereta.

Nne, aandike kila anachokiona: tarehe, saa, masafa yanayoathirika, hali ya hewa na aina ya sauti. Kumbukumbu ya siku saba ina uzito kuliko maelezo ya jumla kwamba redio inasumbua.

Yaliyo ndani ya uwezo wa mwenye adapta

Mwenye adapta anaweza kupunguza sehemu kubwa ya tatizo bila kuiacha intaneti. Njia ya uhakika zaidi ni kutumia kebo ya mtandao pale inapowezekana, au mawasiliano ya Wi-Fi ikiwa kuta si nene sana. Panapokuwa na ulazima wa adapta, anunue zilizoidhinishwa kutumika nchini, na amuulize muuzaji kama zinaacha mapengo kwenye masafa ya redio. Programu ya ndani ya adapta nayo isasishwe, kwa kuwa mapengo huongozwa na programu hiyo. Adapta isiyotumika ichomolewe, kwani kuiacha ikiwa tupu ukutani hakuizuii kutoa ishara.

Ishara ya adapta inaweza pia kuvuka mipaka ya nyumba na kufika kwa majirani wanaotumia transfoma moja. Kwa sababu hiyo mwenye adapta aweke nywila yake mwenyewe badala ya ile iliyotoka kiwandani. Hatua hii haipunguzi kelele, lakini inalinda taarifa zake.

Mwenye redio naye ana la kufanya. Antena ikihamishwa kutoka ukutani na kuwekwa uani, mita kumi au zaidi kutoka kwenye nyaya za nyumba, kiasi cha kelele kinachoingia hupungua sana. Redio inayotumia betri hupata kelele kidogo kuliko ile iliyochomekwa kwenye soketi, kwa kuwa waya wake wa umeme huwa mlango wa pili wa kelele. Vipete vya feriti vinavyobanwa kwenye waya wa redio au wa adapta huzuia sehemu ya ishara inayopanda juu ya waya. Marekebisho ya nyaya za nyumba yafanywe na fundi umeme mwenye leseni pekee.

Hatua za kufuata panapotokea mgogoro

Chanzo kinapoonekana kuwa nyumba ya jirani, mazungumzo hutangulia. Ombi rahisi ni adapta kuchomolewa kwa dakika tano huku wote wawili wakisikiliza redio. Jaribio hilo humaliza ubishi, kwa kuwa jirani huisikia kwa masikio yake kelele ambayo hakuwahi kuijua. Mara nyingi makubaliano madogo yatatosha, kama vile kuhamisha antena, kubadili adapta au kuichomoa saa ya taarifa ya habari. Pakihitajika msuluhishi, mwenyekiti wa kitongoji au mtaa anaweza kuwakutanisha.

Mngurumo unaotoka kwenye nguzo, vikombe au transfoma upelekwe TANESCO, pamoja na namba ya nguzo kama inasomeka kutoka chini. Taarifa hiyo ina faida ya ziada, kwa kuwa kiungo kinachokwaruza redioni kinaweza kuwa kiungo kinachoelekea kuharibika.

Mwingiliano usiomalizika kwa mazungumzo, au unaotoka kwa mtoa huduma, uwasilishwe kwa mtoa huduma huyo kwa maandishi, na asipouondoa, kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ndiyo yenye jukumu la kusimamia masafa nchini na ina ofisi za kanda. Daftari la kumbukumbu liambatishwe. Pale simu ya upepo ya kituo cha afya, polisi, hifadhi au chombo cha majini inapozibwa, siku saba za kumbukumbu zisisubiriwe. Taarifa itolewe siku hiyo hiyo, na kifaa kinachoshukiwa kizimwe wakati uchunguzi unaendelea.

Msingi wa hatua zote hizi ni kwamba masafa ni rasilimali ya umma yenye mpangilio. Simu ya upepo na kituo cha matangazo vimepewa masafa yao rasmi. Adapta ya nyumbani haikupewa masafa yoyote hewani. Kazi yake ni kupitisha ishara ndani ya waya. Kinachovuja nje ni mzigo wa aliyekivujisha, kama ilivyo kwa mwenye mfereji anayetakiwa kuusakafia ili maji yake yaishie shambani kwake.

Ofisi za kata, shule na zahanati zinazopanga kuunganisha vyumba vyao kwa intaneti zinashauriwa kuanza na swali moja kabla ya kununua kifaa chochote: je, jengo hili au la jirani lina simu ya upepo? Likiwa nayo, fedha ya adapta itumike kununua kebo ya mtandao. Kuipitisha ukutani ni kazi ya siku moja, na simu ya upepo itaendelea kusikika usiku utakapokuja mgonjwa wa kuitiwa gari.